Weka Mkono Nyuma ya Kesi

Wadogo zangu, mnaponitumia picha za kesi za kompyuta mkiniuliza ipi ni nzuri kwa gemu, mnanitumia picha ya mbele tu. Taa nyekundu, taa za bluu, kioo kinang'aa kama kabati la vyombo vya harusi. Picha ya mgongo sijawahi kupata hata moja. Kazi ya ufundi kompyuta nimeiacha, sasa nalima vitunguu swaumu huku Nambis, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Lakini nimeona afadhali nikae niandike yote mahali pamoja, kwa sababu ninachokijua kuhusu kesi nilikijua kwa mkono, na mkono hautumwi kwa simu.

Nilipomaliza la saba niliingia kufagia kwenye chumba cha Dada Vero, Mbulu mjini, jirani na stendi. Dada Vero alikuwa fundi kompyuta, na upande wa mbele wa chumba aliweka mashine za gemu za kulipia. Alivaa koti la jinzi na kofia ya sufu mwaka mzima, na aliongea bila kukuangalia, maana macho yake yalikuwa ndani ya kompyuta ya mtu. Hilo lilinifaa sana. Mimi ni mtu wa aibu. Nikiangaliwa nasahau nilichotumwa.

"Shika tochi," alikuwa akisema. Baadaye, "Shika hapa." Halafu siku moja, bila kunionya, "Shika bisibisi." Ndiyo ilikuwa shule yote.

Mnaijua baridi ya Mbulu mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka ndani ya duka na watu wanaongea huku midomo inatoa moshi. Siku hizo wateja wetu hawakuja kwa ajili ya gemu peke yake. Mahali palipogombewa ni nyuma ya mashine kubwa ya gemu la mpira, kwa sababu ilipuliza hewa ya moto. Vijana walipeana zamu ya kuota mikono. Kulikuwa na mwendesha bodaboda mmoja alikuja asubuhi, akalipia mchezo, halafu akaacha pedi mezani akaenda kusimama nyuma.

"Kaka, mchezo wako unaenda," nikamwambia.

"Acha uende. Mimi nimelipia jiko."

Dada Vero alicheka, lakini alimwondoa. "Toka hapo, unamziba. Wewe ukiota, mashine naye atapumulia wapi?"

Na hapo sasa ndipo lilipo kosa letu watu wa baridi. Sisi tuliamini joto ni dalili ya mashine mbovu, na ubaridi ni dalili ya mashine nzima. Mteja akileta kesi mbili tumchagulie, mafundi wa stendi yote tulifanya vilevile: tunaziwasha, tunapitisha mkono. Iliyo ya moto nyuma, tunasema hii inachemka, iache. Iliyo ya baridi, tunasema chukua hii, baba, hii haina shida. Halafu zile tulizozisifu ndizo zilizorudi. Zinazimika zenyewe katikati ya gemu, na mwenyewe amekasirika.

Siku moja Dada Vero aliichukua moja iliyorudi, akaiwasha, akaweka gemu zito, akakaa nayo kama mtu anayeuguza. Akaweka mkono nyuma: baridi. Akafungua ubavu, na joto likamrukia usoni kama amefunua sufuria ya makande. Akaniita.

"Umewahi kukaa kwa bibi yako anapopika amefunga mlango na dirisha?"

"Ndiyo, dada."

"Ukiwa nje unaona moshi?"

"Sioni."

"Utasema hakuna moto?"

"Hapana. Moshi uko ndani na bibi."

"Na bibi anafanyaje?"

"Anatokwa na machozi."

"Basi bibi ndiye huyu," akasema, akaigonga ile kesi kwa bisibisi. "Nje baridi kwa sababu moto wote umebaki ndani. Zile tulizozikataa ndizo zilikuwa zinapumua." Akavua kofia, kitu ambacho hakufanya mara nyingi, akajikuna kichwa. "Ee Mungu wangu. Tumewashauri watu wangapi?"

Tangu siku ile mkono wetu ulifanya kazi kinyume. Cheza gemu zito mpaka chai yako ipoe, kisha weka mkono nyuma ya kesi. Ukikuta hewa ya moto inatoka kwa nguvu, mshukuru Mungu. Ukikuta kimya na baridi, ogopa.

Mengine niliyoyashika pale nitayasema kwa kifupi. Angalia mbele kabla ya kuangalia taa. Taa haipozi kitu. Mbele pawe na wavu, ili feni zipate hewa ya kuvuta. Kama ni kioo, kiwe kimeachana na feni kiasi cha vidole kupita, na pembeni yake pawe wazi kweli, siyo ufa wa kupitisha kadi. Chana kipande cha karatasi laini ya chooni, kiweke mbele ya kesi ikiwa imewaka. Kikivutwa kikang'ang'ania, hewa inaingia. Kikining'inia tu kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo, unanunua sanduku. Halafu feni ina uso na mgongo: upande ule wenye vimkono vinavyoshikilia katikati ndiko hewa inakotokea. Wauzaji wengine wanazifunga feni zote zitazame upande mzuri, zinavuta zote, hakuna ya kutoa. Na ule wavu wa vumbi ujaribu kuutoa mwenyewe palepale dukani. Kama unahitaji kufungua skrubu nyingi ili uusafishe, hutausafisha. Najua, na mimi nisingeusafisha.

Kuna mama mmoja hapahapa Nambis ambaye kompyuta ya mwanawe ilikuwa ikizimika asubuhi tu, mchana inafanya kazi vizuri. Tulifika na Dada Vero tukaikuta sebuleni imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri kabisa, cha maua. Juu ya kitambaa amelala kuku. Kesi ile ilikuwa na matundu juu, na kuku alikuwa ameyagundua kabla yetu.

"Shikamoo mama," Dada Vero alisema, akachuchumaa akamtazama yule kuku usoni. "Huyu ameanza lini kulalia?"

"Wiki hii. Msimwondoe tafadhali, anatotoa vizuri sana huyu. Mchana anashuka kula."

"Mama, tumeitwa kutibu kompyuta."

"Tibuni. Lakini kuku abaki."

Dada Vero hakubishana. Aliomba kapu, akaweka nyasi, akaliweka nyuma ya meza pale hewa ya moto inapotokea, akamhamisha kuku na mayai yake yote. Kitambaa tulikikunja tukakiweka juu ya redio. Kompyuta haikuzimika tena na vifaranga walitoka. Yule mama alituombea dua mlangoni, na nafikiri ilikuwa zaidi kwa ajili ya vifaranga.

Nikikumbuka hayo nacheka peke yangu shambani, mpaka mama yangu anauliza kuna nini. Chumba cha Dada Vero siku hizi ni duka la dawa za mifugo. Yeye aliolewa akahamia Singida; akinipigia huanza na, "Shika tochi," na mimi najibu, "Nimeshika." Vijana wengi wamehamia gemu za kwenye simu. Nilipita pale juzi kununua dawa ya kupe, nikasimama ilipokuwa mashine ya mpira. Muuzaji akauliza nataka nini, nikasahau.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari ya Dirma, kwa sababu ndiko nilikofanya ufundi peke yangu mara ya kwanza.

Samweli ni kijana wa Dirma, kule Hanang bondeni, tuliyemzoea kwa sababu kila akija Mbulu alicheza kwetu mpaka basi linamwacha. Baba yake ni mfugaji, mtu wa ng'ombe tangu mababu zake. Samweli alimwomba amsaidie afungue chumba cha gemu kwao, umeme ulipofika. Mzee alifikiri muda mrefu, akauza dume, akanunua kompyuta moja yenye nguvu. Akatoa na sharti. Siku ya kufungua, mashine imalize mechi moja nzima mbele ya majirani. Ikishindwa, anaiuza, Samweli anarudi machungani, na neno kompyuta halitatamkwa tena kwenye boma lile.

Samweli akatupigia siku ya kufungua imekaribia. Kila wakijaribu, mashine inazimika kabla ya mapumziko. Dada Vero alikuwa amebanwa na kompyuta za shule. Akanitazama, na kwa kawaida hakuwa akinitazama.

"Utaenda wewe."

"Peke yangu, dada?"

"Kwani kompyuta inauma?"

"Kompyuta haiumi. Watu."

"Basi usiongee na watu. Ongea na kompyuta, wao watasikiliza."

Nilifika siku yenyewe ya kufungua, kwa basi kisha bodaboda, vumbi limenijaa masikioni. Baba yake Samweli alikuwa amesimama mlangoni kwa shuka na fimbo, majirani wamekaa nje kwenye mabenchi wanasubiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo baba."

"Ndevu umeziacha Mbulu?"

Watu walicheka. Na mimi nilijaribu kucheka, nikakohoa vumbi.

Akaniingiza ndani, akanionyesha mashine kwa fimbo yake kama anavyoonyesha ndama. Ilikuwa sakafuni, imesogezwa hadi kwenye pembe ya ukuta. Kesi ya kioo mbele, kioo ubavuni, taa zinabadilika rangi.

"Hii nilichagua mimi mwenyewe, Arusha," akasema. "Huyu mtoto alitaka moja nyeusi, ina matundu mbele kama chekecheke. Nikakataa. Mimi sinunui ng'ombe aliyefunikwa turubai. Nataka nione ndani kuna nini."

Nikamtazama Samweli. Alikuwa anatazama sakafu.

"Shida ni umeme," Samweli akasema haraka. "Umeme wa huku ni mdogo."

"Umeme," majirani waliochungulia mlangoni wakakubali.

"Umeme," mzee akakubali.

Nikaelewa. Samweli alijua tatizo, ila hakuweza kumwambia baba yake mbele ya watu kwamba dume limeuzwa kununua kitu kilichochaguliwa vibaya. Na mimi mgeni asiye na ndevu ningeanzia wapi? Lakini tukisema ni umeme, jioni ile mashine inazimika, na Samweli anarudi na ng'ombe.

Nikakumbuka neno la Dada Vero, nikachuchumaa. Niliwasha gemu. Niliweka kipande cha karatasi kwenye ufa ulio chini ya kioo cha mbele. Kikaning'inia, hakikutikisika. Niliweka mkono nyuma: baridi ya Mbulu kabisa, na hapa ni Dirma, jua limewaka. Muda si mrefu skrini ikawa nyeusi.

"Umeona? Umeme," mzee akasema, lakini taa ya chumbani ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, na nilimwona akiitazama.

Nikafungua kioo cha ubavuni, nikasubiri kidogo, nikawasha tena. Gemu likaenda. Likapita pale lilipozimikia, likaendelea. Majirani wakasogea ndani.

"Umeme umeongezeka?" mzee akauliza.

"Hapana, baba. Ni uleule."

Nikarudisha kioo, nikaliacha gemu liende, nikasema kitu ambacho sikupanga, "Baba, naomba mkono wako."

Mtoto haombi mkono wa mzee hivyo. Mzee akampa Samweli fimbo, akachuchumaa kando yangu huku magoti yanalia. Nikamwelekeza nyuma ya kesi.

"Kuna nini hapo, baba?"

"Hakuna kitu."

Nikafungua ubavu kidogo, nikamwonyesha pa kupitisha vidole, juu tu ya ile kadi kubwa inayochora picha za gemu, bila kugusa. Akaurudisha mkono kama amechokoza siafu.

"Huyu anaungua!"

Akabaki amechuchumaa. Aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akapapasa kile kioo cha mbele taratibu kwa kidole, juu mpaka chini. Mtu aliyekaa na ng'ombe maisha yake yote anajua mnyama anayekosa hewa.

"Pua yake iko wapi?"

"Iko hapo hapo, baba. Nyuma ya kioo."

"Kwa hiyo nimetoa dume langu, nikanunua kitu kilichozibwa pua."

Samweli alishika ile fimbo kwa mikono miwili. Ndipo nikatoa hotuba yangu ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Nguvu anayo, baba, ulichagua mashine yenye nguvu. Kioo cha ubavuni kibaki, watu waone ndani kama ulivyotaka. Cha mbele ndicho kitoke."

"Cha ubavuni kinabaki?"

"Kinabaki."

"Na taa?"

"Na taa, baba."

Akasimama. "Toa."

Kioo cha mbele kilishikwa na skrubu chache tu. Mama yake Samweli alikipokea kwa kanga yake akasema atakiweka juu ya picha za marehemu mama mkwe. Feni ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume, inavuta badala ya kutoa, inagombana na za mbele kama watu wawili mlangoni; nikaigeuza. Lakini Dirma si Mbulu. Ukiacha mbele wazi kule, jioni utachota vumbi ndani kwa kijiko. Mama Samweli akaleta chandarua kilichochanika, tukakata kipande, tukakivuta vizuri mbele ya feni kwa uzi, ili kitoke na kukung'utwa bila bisibisi. Kisha tukaitoa mashine sakafuni, tukaiweka juu ya meza, mbali na ukuta. Nikaweka kipande cha karatasi mbele. Kikarukia chandarua kikanata. Watoto wakapiga makofi, wakataka nirudie.

Jioni chumba kilijaa. Samweli alicheza na kijana wa bodaboda kutoka Katesh aliyekuja na jezi kabisa, akiwaambia watu, "Nyie wafugaji, leo nawafundisha mpira." Hewa ilikuwa nzito ya watu, watu walibebana mabegani, dirisha lilijaa vichwa. Nilijua joto lile lingeizimisha mashine mapema sana kama tusingetoa kioo. Mimi nilikaa pembeni nimeshika bisibisi bila sababu.

Mechi ilipofika pale mashine ilipozoea kuzimika, Samweli alisita, vidole vikakauka kwenye pedi. Yule wa Katesh akatumia nafasi hiyo akafunga bao, na kelele zilizopigwa zilikuwa za furaha hata kwa watu wa Dirma, kwa sababu skrini ilikuwa bado inawaka. Mapumziko. Kipindi cha pili. Nilimtafuta mzee kwenye mabenchi ya mbele, walikomwekea kiti cha heshima. Kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa nyuma ya meza. Amesimama peke yake, ameipa skrini mgongo, fimbo ameiegemeza ukutani, na kiganja chake kiko kwenye matundu ya nyuma ya kesi. Hakuona bao hata moja.

Filimbi ya mwisho ililia. Chumba kizima kilipaza sauti, yule wa Katesh akavua jezi akaizungusha juu.

"Imeisha?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Imeisha, baba," Samweli akasema. "Nimefungwa."

"Sikuuliza wewe. Fundi, njoo hapa."

Nikapita katikati ya watu, wote wananitazama, na kwa mara ya kwanza sikujali. Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Hewa ilitoka ya moto, kwa nguvu, bila kukatika.

"Bado anapumua?"

"Anapumua, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akawageukia vijana, lakini mkono hakuutoa.

"Basi mnasubiri nini? Wekeni nyingine."